Periki ni pilipili ya kiko, usiipike kama mboga

Kamwene wasomaji wangu. Mwezi huu nilipanga tuongelee kusafisha kiko, lakini maswali yaliyokuja karibu yote ni periki, periki, periki, ile tumbaku nyeusi kali ya Marekani ya kuchanganyia kwenye kiko, sijui upepo gani umevuma maana zamani ukilitaja hilo jina hapa Iringa mjini mtu anadhani umetaja mchezaji wa Brazili. Naona ndugu zetu wakirudi likizo toka nje ndo wanaleta vipakiti. Haya, leo tuimalize hiyo periki, kiko kichafu kitasubiri.

SWALI: Mzee wa Kiko, habari za Iringa. Mi ni mstaafu, nalima tumbaku kidogo huku Chunya upande wa Lupa na kiko navuta tangu kijana. Mwanangu karudi toka Marekani mwezi wa tano kaniletea pakiti ya gramu mia ya tumbaku nyeusi, inanuka kama siki na matunda yaliyoiva sana, akasema baba hii inaitwa periki, ni ya kuchanganyia. Nikachanganya nusu kwa nusu na tumbaku yangu ya mvuke, ile ya kukaushwa kwa joto bila moshi, nikajaza kiko asubuhi kabla ya chai. Aisee! Jasho jembamba likanitoka, kwikwi zikanishika, nikaenda kulala chini ya mwembe mpaka mke wangu akaanza kuita majirani. Inawekwa kiasi gani hii kitu? Au mwanangu kaniletea sumu? *Mstaafu, Chunya*

JIBU: Shikamoo kaka yangu, na pole sana. Nisamehe nimecheka kidogo, siyo kwa ubaya, ni kwa sababu na mimi yalinikuta hayohayo ila mwenzio sikuwa hata na mwembe, nilikuwa kwenye basi la kwenda Makambako nimetoka kuvuta stendi, hiyo safari siisahau.

Mwanao hajakuletea sumu, kakuletea kiungo. Kosa ni kwamba umekipika kiungo kama mboga. We ukipika maharage sufuria zima unatia pilipili kichaa mbili tatu, si ndiyo? Sasa hapo umechukua nusu sufuria maharage nusu sufuria pilipili, alafu unauliza kwa nini mdomo unawaka.

Nikwambie kwanza inavyotengenezwa ndo utaelewa kwa nini ina nguvu ile. Periki halisi inatoka sehemu moja ndogo sana, wilaya ya St. James kule Louisiana, kandokando ya mto Mississippi kati ya New Orleans na Baton Rouge. Inasimuliwa kwamba Wahindi Wekundu wa huko, Wachoctaw, walikuwa wakishindilia majani ya tumbaku kwenye magogo yaliyotobolewa wakiyagandamiza na mawe, na kwamba mkulima mmoja aitwaye Pierre Chenet ndiye aliyejifunza kwao njia hiyo na kuifanya biashara, mwaka unaotajwa ni 1824. Jani linakaushwa kwa hewa kwanza bandani, linatolewa uti wa katikati, linaloweshwa kidogo, linafungwa vifundo, alafu linashindiliwa kwenye mapipa ya mbao yaliyowahi kuwekewa wiski. Mapipa hayo huko hayakosekani maana sheria yao inataka wiski ya bourbon iwekwe kwenye pipa jipya kila mara, kwa iyo lililotumika linatafuta kazi nyingine. Juu ya pipa wanaweka jeki, ndiyo, jeki ya kuzungusha kama ile ya gari, wanabana mpaka jani linatoa maji yake lenyewe na kuzama humo. Linachacha bila hewa. Baada ya miezi kadhaa wanafungua, wanatoa yote lipate hewa, wanarudisha wanabana tena, kawaida mara tatu, na kazi nzima inachukua si chini ya mwaka.

Sasa jani lililokaa mwaka mzima linachacha ndani ya juisi yake, sukari yake yote imeliwa, kilichobaki ni harufu ile ya zabibu na siki na ule ukali wa pilipili manga unaousikia puani, pamoja na nikotini ya kutosha. Ndiyo maana wachanganyaji wanaiita kiungo, siyo chakula.

Kipimo. Mi nasema anza na asilimia 5. Hapo hutaiona, utaihisi tu, tumbaku yako ya mvuke itakuwa kama imekomaa miaka miwili zaidi, utamu wake unapata kina. Ukifika 10 unaanza kuijua kwa jina, pilipili inakuja ukitoa moshi puani. Asilimia 15 ni ya mtu aliyeizoea na anayetaka kuisikia kila pafu. Kwenye 20 umefika mahali ambapo wavutaji wengi wanageuza gari, na juu ya hapo ni ubishi tu, wapo wanaovuta hata tupu lakini na wapo wanaokula pilipili mbuzi nzima bila ugali, hatuwaigi.

Angalia ulichofanya wewe. Chungu cha kiko cha kawaida kinabeba kama gramu 3. Kwenye asilimia 5 ndani yake kuna periki gramu 0.15 tu. We uliweka gramu moja na nusu, yaani mara kumi, kwenye tumbo tupu, saa moja asubuhi. Kwikwi ni nikotini inakupigia hodi, ukiona kwikwi weka kiko chini usisubiri jasho, kunywa maji, tafuna kitu kitamu, kaa kwenye hewa. Na siku nyingine kula kwanza.

Alafu we una bahati ambayo wengi hawana. Uko Chunya! Wenzio huku wanapima kwa kijiko cha chai na macho, huko kwenu kila kona kuna mtu mwenye mizani ya dhahabu inayosoma pointi. Azima kwa jirani. Gramu moja ni pointi kumi, sasa fanya hivi, chukua chupa tatu za jamu zilizooshwa na kukaushwa vizuri, kila moja iwe na mchanganyiko wa gramu 20 kwa jumla. Ya kwanza tumbaku yako gramu 19 na periki gramu 1, hiyo ni asilimia 5. Ya pili 18 kwa 2, hiyo 10. Ya tatu 17 kwa 3, hiyo 15. Bandika karatasi andika maana baada ya siku mbili zote zinafanana, usijidanganye utakumbuka. (Na uifute mizani ya watu kabla ya kuirudisha, dhahabu ikinuka siki watakuuliza.)

Ukishachanganya usivute. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanachanganya saa nne saa tano wanahukumu. Funga chupa weka kabatini wiki tatu, mwezi ukiweza, unyevu usambae na harufu zizoeane, periki ikiwa mbichi kwenye mchanganyiko inapiga kelele peke yake kama mgeni aliyelewa harusini. Baada ya hapo anza na chupa ya kwanza, kiko kidogo, baada ya chakula cha mchana, siku tofauti kwa kila chupa, vuta taratibu. Ninavyokufahamu kwa barua hii utasimama kwenye ya pili.

Pakiti yako ya gramu mia kwa kiwango cha asilimia 5 inatosha kilo mbili za mchanganyiko. Kilo mbili, kaka! Mwanao asilete nyingine kabla ya miaka mitatu, mwambie alete viatu.

Jambo moja kuhusu tumbaku yako yenyewe kabla sijakuacha. Kama ni jani la msimu huu limetoka bani, lile banda la kukaushia, juzijuzi, tatizo lako lingine liko hapo. Jani la mvuke likitoka bani lina sukari nyingi, ule moto wa siku tano sita mpaka wiki unaifungia sukari ndani, ndo maana tamu, lakini likiwa jipya linachoma ulimi ajabu na watu wanaisingizia periki. Ungekuwa na jani la mwaka juzi ungeona tofauti. Na chagua majani ya katikati ya mmea yale ya njano au chungwa, ya juu kabisa yana nguvu zaidi, ukiongeza na periki unarudi chini ya mwembe.

SWALI: Mzee mambo. Mi niko Mbeya mjini maeneo ya Mwanjelwa. Nimeanza kiko mwaka huu. Nikisoma huku na huku mmoja anasema periki asilimia 3, mwingine 7, mwingine kasema yeye anaweka 25 na ndo tamu. Nani mkweli? *Kijana wa Mwanjelwa (nina miaka 26)*

JIBU: Poa kijana. Wote wakweli, shida ni kwamba kila mmoja anaongelea asilimia ya kitu tofauti na hasemi.

Asilimia ya nini, hilo ndo swali. Chini yake kuna nini? Kama chini kuna tumbaku ya mvuke tupu, tamu, nyepesi, periki inaonekana mapema sana, 5 mpaka 10 inatosha kabisa, na huo ndo mchanganyiko maarufu kuliko wote duniani wa periki, utamu na pilipili, hauhitaji maelezo kwa mtu aliyekula embe bichi na chumvi na pilipili pale stendi. Tena ina faida moja, tumbaku ya mvuke ikivutwa haraka inawaka moto na kuchoma ulimi sababu ya ile sukari, sasa periki haina sukari ya maana, inaituliza kidogo. Kama chini kuna tumbaku ya hewa, ile ya kahawia inayokaushwa kivulini, hiyo yenyewe ina nikotini nzuri na sukari kidogo, ladha ya karanga za kukaanga, ukimwaga periki 15 humo unajenga ghorofa juu ya ghorofa. Weka 5, tulia.

Kama chini kuna latakia mambo ni mengine. Latakia ni jani lenye asili ya kule Siria na Saiprasi, jina lake ni la mji wa bandari wa Siria, linafukizwa moshi wa kuni zenye harufu kwa muda mrefu mpaka linakuwa jeusi na kunuka kama nyama iliyokauka juu ya jiko la bibi kijijini. Nalo linaitwa kiungo lakini halina pilipili, na linavumilia kuwekwa nyingi, asilimia 30, 40, wengine nusu. Sasa kwenye moshi huo periki ya 3 inapotea kabisa, huisikii, utaisikia kuanzia 7 hivi, na kazi yake inakuwa kuuchangamsha ule uzito siyo kujionyesha. Kwa iyo yule wa 25 inawezekana ana latakia chungu nzima, au ana mdomo uliokufa ganzi, mi sijui.

Kuna na suala la ukataji. Periki mara nyingi inauzwa imekatwa nyuzi fupifupi au vipande, ukiichanganya na tumbaku yenye nyuzi ndefu inashuka chini ya chupa kama mchanga kwenye mchele. Kiko cha kwanza unavuta asilimia 2 unasema mbona haina kitu, cha mwisho unavuta 30 unaita mama. Tikisa chupa, au bora zaidi changanya ikiwa na unyevu kidogo, igandamize kwa kitu kizito usiku mmoja, alafu ichambue upya kwa vidole. Mi natumia matofali mawili na ubao wa kukatia nyama (ubao mpya, usije kutumia wa jikoni, mama watoto hanisemeshi mpaka leo).

Na viwanda vingi haviandiki asilimia kwenye kopo, wanataja tu majani yaliyomo. Usipoteze usiku kukisia. Chukua mwenyewe, pima, andika.

SWALI: Shikamoo mzee. Mume wangu anavuta kiko na amesoma kuhusu hiyo periki yenu ya pilipili, hana pa kuipata, juzi nimemkuta anasaga pilipili kichaa kavu anataka kuchanganya na tumbaku. Nimemnyang'anya kinu. Nilikosea? *Mama wa Mafinga*

JIBU: Marahaba mama, hukukosea hata kidogo, na kinu usimrudishie leo.

Periki haina pilipili ndani. Tunasema pilipili kwa kukosa neno, ni ule ukali wa puani unaofanana na pilipili manga. Pilipili kichaa ikiungua moshi wake unaujua mwenyewe, si umewahi kukaanga pilipili ukasikia nyumba nzima inakohoa mpaka kuku wanatoka bandani? Sasa huo auvute kwa hiari kwa mrija. Hapana.

Kama anataka kiungo cha jikoni, Waindonesia wanatia karafuu kwenye sigara zao, wanaziita kretek kwa ile sauti ya karafuu kupasuka ikiungua, na karafuu tunazo. Lakini mi nimejaribu kwenye kiko na harufu ilikaa kwenye mbao miezi mitatu, kila tumbaku ikawa inanuka pilau. Mwambie asubiri jibu linalofuata.

SWALI: Mzee wa Kiko, kamwene. Niko Njombe. Shemeji yangu ni wa Namtumbo, wanalima tumbaku ya moshi. Kuna mtu aliniambia hiyo inaweza kushika nafasi ya periki. Ni kweli au ananidanganya? Na niweke kiasi gani? *Mkulima wa viazi, Njombe*

JIBU: Kamwene mkulima. Hajakudanganya, amekupa nusu ya ukweli.

Ruvuma, Songea na Namtumbo, ndo nyumbani kwa tumbaku ya moshi hapa Tanzania, inalimwa huko tangu enzi za ukoloni. Inaning'inizwa bandani na moto wa kuni unawashwa chini wenye moshi, tofauti na ya Chunya na huku Iringa ambayo moto unapita kwenye mabomba na moshi haugusi jani. Kwa iyo jani la Namtumbo ni la kahawia nzito, nene, lina mafuta, lina nikotini, linanuka moshi wa kuni. Duniani jani la aina hii wanaliita Kentucky na linatumika sana kwenye kiko.

Na kuna ushahidi wa kibiashara kabisa. Ile tumbaku ya zamani ya Waingereza, Three Nuns, miaka mingi ilikuwa ya mvuke na periki, baadaye wakaitoa periki wakaweka jani la moshi. Mashabiki wa zamani walilalamika sana, wengine wanalalamika mpaka leo, lakini wapya wakaivuta na kuipenda. Hapo unapata majibu yote mawili kwa mpigo. Inashika nafasi, na haifanani.

Kinachokosekana ni yale matunda. Jani la moshi linakupa ukali, linakupa nguvu, linakupa hata kapilipili kidogo puani, lakini ile siki na zabibu haina maana halikuchacha kwenye pipa. Ni kama kukosa limao ukaweka ukwaju, chakula kinaliwa, ila mpishi anajua.

Kipimo chake ni kikubwa kidogo kuliko periki. Anza na asilimia 10 kwenye tumbaku ya mvuke, nenda 15, wapo wanaofika 25 kwa raha zao. Kasoro yake ni moja, jani ni nene linawaka polepole, ukilikata nene kiko kinazima kila dakika unamaliza kiberiti. Likate jembamba kabisa, kwa kisu kikali, baada ya kulitoa uti. Mi ninayovuta mwenyewe siku hizi ni 80 ya mvuke, 15 ya moshi, 5 periki, nikiishiwa periki naacha pengo tu siongezi moshi.

Ila shemeji yako akutolee kwenye la kwake la kuvuta nyumbani, usiingie kwenye kununua mafungu ya uani. Tumbaku ya mkulima inapita chama cha msingi na wanunuzi wenye leseni, na mkulima anaweza kupata shida kwa ajili ya gramu mia zako.

SWALI: Mzee, kama wao wanatumia pipa na jeki si na sisi tunaweza? Nina jeki ya fuso, nina kegi la ulanzi (pombe yetu ya mianzi), nina tumbaku. Nianze? *Fundi, Kihesa Iringa*

JIBU: Fundi wangu we ndo nakupenda. Anza, lakini jeki ya fuso rudisha garini, utapasua kegi na sakafu.

We mtu wa Iringa kuchacha hatukufundishi. Ulanzi asubuhi ni mtogwa, mtoto anakunywa, kesho yake ni mkangafu unaimba. Unajua kabisa kilichobadilika ni sukari imeliwa. Kwenye periki ni jambo lilelile ila mbio zake ni za kinyonga, na tofauti kubwa ni kwamba hewa haitakiwi. Ulanzi unaachwa wazi, periki inazamishwa kwenye maji yake na kugandamizwa, ikipata hewa kabla ya wakati inaota koga.

Kuna watu wanaofanya nyumbani kwa kiasi kidogo na wanapata kitu kizuri. Siyo periki ya St. James, jina hilo tuwaachie wenyewe na mapipa yao, ila ni jani lililochacha, na linafanya kazi ileile. Tafuta jani lililokaushwa kwa hewa, siyo la mvuke, la mvuke limeshapikwa na moto na haliendi vizuri. Toa uti. Lowesha kwa maji safi mpaka linakunjika bila kuvunjika, likitiririka maji umezidisha. Kunja vifundo, shindilia kwenye chombo cha vyakula chenye mdomo mpana, siyo kegi lililobeba dizeli eti umeliosha. Weka kifuniko cha mbao kinachoingia ndani, juu yake uzito, jiwe la kusagia linafaa au clampu za fundi seremala. Ndani ya siku chache unatakiwa uone maji meusi yamepanda juu ya jani. Yasipopanda ongeza uzito.

Usifunge kabisa! Inatoa gesi, chupa ya kioo iliyokazwa inaweza kupasuka, na harufu ya siki iliyokaa miezi minne kwenye kapeti ya sebuleni ni kesi ya ndoa.

Kila miezi mitatu minne fungua, toa vyote, tandaza saa kadhaa kivulini vipate hewa, rangi itageuka kuwa nyeusi mbele ya macho yako, alafu rudisha bana tena. Mara tatu hivyo. Pua ndo kipimo. Harufu ya siki, zabibu, pombe ya ndizi, endelea. Harufu ya choo au ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni, au ukiona manyoya meupe au ya kijani, mwaga kote, usikate sehemu mbovu ukabakiza nzuri, huu siyo mkate. Mi la kwanza nilimwaga. La pili nikalimwaga pia. La tatu lilikuja vizuri nikaligawa kwa furaha likaisha kabla sijalivuta vizuri mwenyewe.

Na baridi yetu hii ya mwezi wa sita na saba itakuchelewesha, vile vijidudu vinavyochachusha vinapenda joto, Louisiana kiangazi chao ni joto la Kyela na zaidi. Weka chombo karibu na ukuta wa jikoni.

Likiwa tayari usilipime kwa vipimo vya periki ya dukani, kila pipa la nyumbani lina nguvu yake. Anza asilimia 3.

SWALI: Mi nipo Uyole, tumbaku yangu yenye periki ikifika mwezi wa saba inakauka kama majani ya chai na ule ukali unazidi. Ni periki inaongezeka nguvu? *Mwalimu*

JIBU: Hapana mwalimu, periki haijaongezeka, unyevu ndo umepungua. Upepo ule wa kiangazi wa Uyole unakausha hata mawazo. Tumbaku kavu inawaka haraka na moto, moshi moto unachoma. Hamisha kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, kile kipakiti cha nailoni kitupe. Kama imeshakauka, ilaze usiku mmoja kwenye bakuli lililofunikwa na kitambaa chenye unyevu kisichogusa tumbaku, asubuhi itakuwa sawa. Usiweke ganda la chungwa wala kipande cha kiazi, najua watu wanafanya, ndo koga linapotokea. Ukibana pinchi kwa vidole na ukaachia, ifunguke polepole bila kuvunjika, hapo vuta.

SWALI: Mzee kiko si salama kuliko sigara maana hatumezi moshi? Na hii periki ikiwa kidogo si ndo salama zaidi? *Mdau, Tukuyu*

JIBU: Ugonile mdau. Kutomeza kunapunguza kinachoingia kwenye mapafu lakini mdomo, ulimi na koo vinabaki palepale kwenye moshi, na saratani ya mdomo haiulizi kama ilikuwa asilimia 5 au 15. Kipimo ninachotoa hapa ni cha ladha. Mi nimebaki na kiko kimoja Jumamosi na kimoja Jumapili, daktari wa meno ndo aliyenipangia ratiba hiyo siyo mimi.

SWALI: Naitaji periki mzee nina miaka 17 ila mrefu. *Mimi, Ipogolo*

JIBU: Urefu haupo kwenye sheria ya tumbaku ya mwaka 2003, umri upo, ni 18. Nenda kasome.